Maswali ya Wasomaji: Nani Aliyekiua Kisiwa cha Boblo?

SWALI: Mhariri, salamu. Mimi ni Mkongo ninayeishi Michigan. Kazini kwetu wako wazee wa Detroit ambao kila kiangazi kikikaribia huanza kuzungumzia kisiwa kiitwacho Boblo, jinsi shule zao zilivyokuwa zikiwapeleka huko kwa meli ya mvuke, na jinsi kilivyokufa mbele ya macho yao. Mmoja husema watu walikichoka, wa pili husema kiliuawa na hofu ya uhalifu, na wa tatu huwalaumu matajiri waliokinunua. Nimekitafuta kwenye ramani nikakuta ni mtaa wa nyumba za fahari, tena ndani ya Kanada. Ukweli ni upi?
Msomaji, Lansing, Michigan

JIBU: Ndugu yetu wa Lansing, kila mmoja wa wazee hao ameshika kipande cha ukweli, ila kipande kikubwa kuliko vyote hawakukitaja, nacho ni meli zenyewe. Boblo, ambacho jina lake la zamani ni Bois Blanc, ni kisiwa kidogo kilicho karibu na mahali Mto Detroit unapoingia katika Ziwa Erie, mkabala na mji wa Amherstburg, Ontario. Ardhi yake ni ya Kanada, lakini tangu kilipofunguliwa kuwa mahali pa matembezi mwaka 1898, wateja wake walikuwa hasa watu wa Detroit, na waliokifungua walikuwa kampuni ya vivuko iliyokuwa ikitafuta abiria wa siku za joto. Hilo ni la kulishika tangu mwanzo, kwa sababu yote yaliyofuata yametokana nalo: bustani ile ilitengenezwa ili meli zipate pa kwenda.

Meli zenye sifa zilikuwa mbili. Columbia iliundwa mwaka 1902 na Ste. Claire ikafuata mwaka 1910, zote mbili zikiwa kazi ya Frank E. Kirby, msanifu wa meli wa Detroit ambaye jina lake lilikuwa kubwa katika Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini. Kila moja iliweza kuchukua abiria wapatao 2,500, idadi ambayo ni sawa na shule mbili tatu nzima zikiwa na walimu na vikapu vyao vya chakula. Safari ya kuteremka mto ilichukua kama saa moja na nusu, na saa hiyo na nusu haikuwa muda wa kusubiri kufika. Palikuwa na sitaha nzima ya dansi na bendi ya kupiga muziki, ngazi pana ya mbao za mahogani, vioo vilivyochorwa nakshi, na pembeni mahali ambapo mtoto angeweza kusimama na kuitazama injini ya mvuke ikipanda na kushuka, chuma juu ya chuma, huku joto na harufu ya mafuta vikimpiga usoni. Wazee wako wakisimulia Boblo, sikiliza vizuri utagundua kwamba nusu ya simulizi haijafika hata kisiwani.

Kisiwani penyewe palikuwa na viwanja vya michezo na sehemu za kukaa familia kwa chakula, farasi wa mbao wanaozunguka, treni ndogo ya kuzungusha watoto, na ukumbi mkubwa wa dansi wa mawe uliojengwa mwaka 1913, ambao ulisifiwa kwamba ungeweza kuchukua wachezaji 5,000 kwa wakati mmoja. Mwaka 1949 kampuni ilinunuliwa na familia ya Browning, watu wa shughuli za meli, na miaka iliyofuata ndiyo ambayo wengi huikumbuka kwa mapenzi. Walimwajiri Joe Short, mtu wa kimo kifupi sana aliyekuwa msanii wa sarakasi, akavishwa kofia ya unahodha na kuitwa Kapteni Bob-Lo. Kazi yake ilikuwa kuwachekesha watoto melini, na aliifanya hadi mwaka 1974, akiwa mzee kabisa.

Sasa tuje kwenye kifo. Jiji lililokuwa likijaza meli hizo lilianza kupungua mapema. Sensa ya mwaka 1950 iliwahesabu watu 1,849,568 ndani ya Detroit, na ile ya mwaka 1990 ikawakuta 1,027,974. Waliohama hawakwenda mbali, wengi walikwenda vitongojini, lakini walikwenda na gari, na mtu mwenye gari hakuona tena sababu ya kurudi katikati ya jiji kulitafuta gati. Kusini mwao, katika ufuko wa Ohio, palikuwa na Cedar Point, bustani ya burudani iliyo kwenye ulimi wa ardhi ndani ya Ziwa Erie, ambayo mtu wa Detroit aliweza kuifikia kwa saa mbili hivi za barabara na kuegesha gari lake karibu na lango. Cedar Point ilikuwa ikiongeza mitambo yake kila baada ya muda, na mwaka 1989 ilizindua Magnum XL-200, vigari vya relini vinavyopanda zaidi ya mita 60 kabla ya kuporomoka. Boblo nayo ilijaribu kushindana kwa kuweka mitambo ya namna hiyo, lakini kila nguzo ya chuma, kila fundi na kila kreti ya soda ilibidi ivushwe kwa chombo cha majini, kwa msimu usiozidi miezi michache ya kiangazi. Hesabu ya namna hiyo haimpendelei mwenye kisiwa hata siku moja.

Kuhusu uhalifu, hofu ilikuwapo, na hakuna haja ya kuikanusha. Ghasia za mwaka 1967 ziliua watu 43 mjini Detroit, na kwa miaka mingi baadaye familia nyingi za vitongojini ziliogopa kila kilichokuwa katikati ya jiji. Hata hivyo hofu hiyo ilianza miaka zaidi ya 20 kabla ya Boblo kufungwa, na katika muda huo wote meli ziliendelea kuondoka zikiwa na watu. Kwa hiyo naihesabu kuwa iliupunguza umati, lakini siwezi kuihesabu kuwa ndiyo iliyofunga lango.

Mzee wa tatu, anayewalaumu wenye mali, ndiye aliyelikaribia zaidi jibu. Familia ya Browning iliuza mwaka 1979, na ndani ya miaka michache wanunuzi wakashindwa. Mwaka 1983 kisiwa na meli vikachukuliwa na tawi la Michigan la AAA, chama cha wenye magari, jambo ambalo mimi huliona kama kichekesho cha historia, maana magari ndiyo yaliyokuwa yakiwapunguza abiria wa meli. Mwaka 1988 chama hicho nacho kikauza kwa International Broadcasting Corporation, kampuni iliyokuwa ikimiliki pia timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters na maonyesho ya kuteleza kwenye barafu ya Ice Capades. Kampuni hiyo ilibeba madeni mazito, na mwaka 1991 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Msimu wa mwaka huo ukawa wa mwisho kwa Columbia na Ste. Claire.

Meli za mvuke za umri wa miaka 80 na zaidi zina gharama za wafanyakazi, matengenezo na ukaguzi ambazo mhasibu yeyote angezipigia mstari mwekundu, na kwa karatasi alikuwa na haki. Abiria wakawa wanavushwa kwa boti ndogo, mwendo mfupi, pasipo bendi wala dansi. Hapo ndipo ilipoonekana bila kificho kwamba kisiwa peke yake kilikuwa bustani ya kawaida, ndogo kuliko ile ya Ohio na ngumu zaidi kufika. Kilidumu misimu miwili tu, kikafungwa rasmi mwishoni mwa Septemba 1993, mitambo ikauzwa kwa mnada, na mwaka uliofuata ardhi ikaingia mikononi mwa mwekezaji aliyeanza kupima viwanja vya nyumba. Ukiniuliza mimi, tarehe ya kifo ni Septemba 1991. Miaka miwili iliyobaki ilikuwa ya kugawana urithi.

SWALI: Mpendwa Mhariri, ninasoma sheria, na mhadhiri wetu alitaja kwa kupita kesi ya kampuni ya meli za Bob-Lo dhidi ya jimbo la Michigan. Ni kweli kwamba Weusi walizuiwa kwenda kwenye kisiwa hicho? Na jimbo moja la Marekani lilipataje uwezo wa kuihukumu safari ya kwenda nchi nyingine?
Mwanafunzi, Nairobi

JIBU: Ni kweli, na kesi hiyo inastahili zaidi ya kutajwa kwa kupita. Tarehe 21 Juni 1945, Sarah Elizabeth Ray, mwanamke Mweusi aliyekuwa mwajiriwa wa idara ya silaha ya jeshi mjini Detroit, alikwenda gatini pamoja na wanafunzi wenzake wa kike wa darasa lililoendeshwa na idara hiyo, wakiwa 13 kwa jumla, na mwalimu wao. Kila mmoja alitoa senti 85 kwa mwenzao mmoja, akawanunulia wote tiketi za kwenda na kurudi. Walizikabidhi langoni, wakapanda sitaha ya juu, wakakaa vitini. Muda si mrefu wakaja maofisa wawili wa kampuni wakamwambia Ray, aliyekuwa Mweusi pekee katika kundi, kwamba hataruhusiwa kusafiri kwa sababu ya rangi yake. Alibishana nao na kukataa kuondoka. Alipoona kwamba watamtoa kwa nguvu, akashuka, wakamsindikiza hadi ofisi ya tiketi na kumrudishia nauli yake. Hakuipokea. Aliwauliza majina yao, akayachukua, akaenda zake.

Majina hayo aliyoyachukua yalikuwa na kazi. Michigan ilikuwa na sheria ya haki za raia iliyokuwa ikikataza ubaguzi katika vyombo vya usafiri wa umma, na kampuni ilishtakiwa kwa kosa la jinai, ikapatikana na hatia na kutozwa faini ya dola 25. Faini hiyo ni ndogo kiasi cha kuchekesha, lakini kampuni ilijua kwamba ikiilipa imekubali kubadili utaratibu wake wote, kwa hiyo ikakata rufaa hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kilisimama upande wa Ray, kikiwa na wakili Thurgood Marshall, yule ambaye baadaye alikuwa jaji Mweusi wa kwanza wa mahakama hiyohiyo.

Hoja ya kampuni ndiyo hiyo uliyoiuliza: safari inavuka mpaka, biashara na nchi za nje iko chini ya bunge la shirikisho, kwa hiyo Michigan haina la kusema. Hukumu ilitolewa tarehe 2 Februari 1948 na kuandikwa na Jaji Wiley Rutledge, majaji saba wakikubaliana na wawili wakipinga. Mahakama haikukana kwamba safari ilikuwa ya kimataifa, lakini iliitazama ilivyo hasa: abiria walipanda Michigan na kurudi Michigan siku hiyohiyo, kampuni ilimiliki karibu kisiwa chote, na kiuchumi na kijamii kisiwa kilikuwa kiungo cha burudani cha Detroit kuliko kilivyokuwa sehemu ya Kanada. Kwa mazingira hayo ya pekee, sheria ya jimbo haikuvuruga mamlaka ya shirikisho, na faini ikabaki palepale. Ukiwa mwanafunzi wa sheria, angalia jinsi majaji walivyojizuia wasiamue zaidi ya walichoulizwa. Miaka sita baadaye, ubaguzi katika shule za umma ulipohukumiwa, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na kesi ndogondogo za aina hii.

Kuna jambo jingine ambalo hukumu haikulizungumzia, nami sipendi kuliacha. Mto ni mwembamba pale Amherstburg, na kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani watumwa wengi waliotoroka walivuka hapo kuingia Kanada wakiwa watu huru. Maji yaleyale ambayo mababu walivuka kwa siri usiku, mwaka 1945 mwanamke mwenye tiketi halali alizuiwa kuyapita mchana.

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mto huohuo kiko Belle Isle, na ninavyosikia nacho kilioza vibaya, tena katika jiji lililofilisika. Mbona hicho kipo hadi leo na Boblo hakipo? Ni bahati tu?
Msomaji, Grand Rapids

JIBU: Bahati haikukosekana, lakini tofauti kubwa ni mbili: Belle Isle kina daraja, na ni mali ya umma. Jiji la Detroit lilikinunua mwaka 1879 kwa dola 200,000, likamwita Frederick Law Olmsted, aliyeshiriki kusanifu Central Park ya New York, achore mpango wake. Ni kisiwa cha hekta karibu 400. Mwaka 1904 palifunguliwa jumba la kuonyeshea samaki hai na jumba la vioo la mimea, majengo yaliyotoka mkononi mwa msanifu Albert Kahn, na mwaka 1925 chemchemi kubwa ya marumaru iliyosanifiwa na Cass Gilbert. Daraja la kwanza liliungua mwaka 1915, na la zege lililopo sasa likafunguliwa mwaka 1923. Mtu wa Detroit asiye na senti aliweza kuvuka kwa miguu akakaa chini ya mti siku nzima.

Kuoza kwake ni kweli. Kumbuka pia kwamba si kila kumbukumbu yake ni tamu, kwa kuwa ghasia za kibaguzi za Juni 1943, zilizoua watu 34, wengi wao Weusi, zilianzia hapo na kwenye daraja lake. Lakini uchakavu uliletwa na hazina tupu. Walipakodi walipohama, bustani ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatwa bajeti, kwa kuwa nyasi hazipigi simu ofisi ya meya. Mbuga ndogo ya wanyama ilifungwa mwaka 2002. Jumba la samaki lilifungwa mwaka 2005, baada ya zaidi ya karne nzima, ingawa wapenzi wake walilalamika sana. Vyoo vilifungwa kimoja baada ya kingine, na barabara zikajaa mashimo.

Jiji lilipoomba kufilisika Julai 2013, likiwa na madeni yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 18, meneja wa dharura Kevyn Orr, aliyewekwa na jimbo kuliendesha jiji, alitia saini mkataba wa kulipangishia jimbo la Michigan kisiwa hicho kwa miaka 30. Baraza la jiji lilipiga kura ya kuukataa, lakini mkataba ukapita, na tangu Februari 2014 kisiwa kinaendeshwa kama bustani ya jimbo. Wapinzani hawakuwa watu wa kupinga tu. Walikuwa wakiona mali waliyoachiwa na babu zao ikitolewa na mtu ambaye hawakumpigia kura, na magari yaliyokuwa yakiingia bure yakianza kutozwa. Malalamiko yao juu ya namna uamuzi ulivyofanywa nayaona ni ya haki hadi leo, na wakati huohuo siwezi kukana kwamba vyoo vilifunguliwa na taka zikaanza kuzolewa.

Jambo ninalolipenda zaidi katika kisa cha Belle Isle lilitangulia mkataba huo. Mwaka 2012, jiji likiwa bado halina fedha, wakazi wa kujitolea walilifungua tena jumba la samaki, wakisafisha wenyewe matangi yaliyo chini ya dari yake ya vigae vya kijani. Hilo liliwezekana kwa sababu jengo lilikuwa lao, limesimama palepale, na daraja la kulifikia lipo. Wapenzi wa Boblo hawakuwa wachache wala wavivu, lakini walikuwa wanapenda kitu chenye hatimiliki ya mtu mwingine, ng'ambo ya maji, na chombo cha kuvukia kimeuzwa.

SWALI: Nataka kuwapeleka watoto wakaone mabaki ya Boblo na zile meli. Inawezekana?
Mama wa watoto watatu, Windsor, Ontario

JIBU: Kwa sehemu tu, mama. Kisiwa chenyewe sasa ni makazi, na kivuko kinachotoka Amherstburg ni kwa ajili ya wakazi na wageni wao. Mkisimama ufukoni Amherstburg mtakiona vizuri, kwa kuwa ni karibu mno.

Meli zimetawanyika. Baada ya mwaka 1991 zote mbili zilikaa miaka mingi zikiwa zimefungwa kwenye gati za viwanda kusini mwa Detroit, licha ya hadhi zao za alama za kihistoria za taifa la Marekani. Ste. Claire iliungua Julai 2018 ikiwa Detroit, wakati wamiliki wake wakiwa katika kazi ya kuifufua, na sehemu zake za mbao ziliteketea, likabaki umbo la chuma. Columbia ilipata watetezi kutoka New York, ikavutwa hadi Toledo mwaka 2014, kisha Buffalo mwaka 2015, kwa nia ya kuitengeneza ili isafiri tena katika Mto Hudson. Kwa hiyo msiwaahidi watoto meli.

Waahidini Belle Isle, ambako pia kuna Makumbusho ya Dossin ya Maziwa Makuu, mahali pazuri pa kujifunza jinsi vyombo vya mito na maziwa haya vilivyoendeshwa. Mnatoka Kanada, kwa hiyo chukueni hati zenu za kusafiria. Gari litahitaji kibali cha bustani za jimbo la Michigan, nacho kwa gari lisilosajiliwa Michigan bei yake ni kubwa kuliko wanayolipa wenyeji, basi ulizeni mapema. Wanaovuka daraja kwa miguu au kwa baiskeli hawalipi kitu.